Simba Asiyekimbia

"Awe mpole," Lois alisema kwenye simu. "Na asiwe wa kukimbia. Mtoto wangu ana pumu."

Upande wa pili mzee Gert, mwenye shamba la kuwindia huko jimboni North West, alikohoa kidogo, akasema simba wa namna hiyo wapo. Angemtumia picha achague.

Murielle, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akimsuka Lois katika saluni pale Marshalltown, alisimamisha vidole. "Mama Roy, unaagiza simba ao unaagiza kitanda?"

"Suka, bwana."

"Ninasuka. Lakini kwetu mutu anawinda juu ya njaa. Weye njaa yako ni ya nini?"

Lois akaitia simu mkobani. Mumewe, Moffat, alifanya kazi benki huko Sandton, na mtoto wa bosi wake alikuwa anawinda. Watoto wa watu wa aina ile wote waliwinda. Kwenye nyama choma za Jumapili, mzazi ambaye mwanawe hajaua kitu alibaki peke yake na sahani yake. Basi Lois akaupanga mwaka wa Roy, kijana wa miaka kumi na mitatu, kama wengine wanavyopanga masomo ya ziada: Pasaka aende Limpopo kwa tandala, likizo ya baridi Free State kwa nyumbu, Septemba North West kwa simba, ndiyo mtihani wa mwisho. Mama mkwe kule Nyeri hakuambiwa. Kwao, mtu akipiga hata digidigi anaishia kortini.

Kilichomnyima Lois usingizi ni kimoja tu, mtoto asije akaumia. Limpopo alimvalisha kofia ya baiskeli. Free State aliwaambia wawindaji wasubiri kwanza mtoto amalize uji. Kanisani mchungaji aliwaombea safari ya North West, akamtaja Roy, akalitaja gari, akayataja hata matairi. Simba hakutajwa.

Na huyo Roy mwenyewe alikuwa mtoto wa machozi ya karibu. Kwenye mlango wa friji bado kulikuwa na picha ya siku alipotimiza miaka tisa, katika bustani moja ya wanyama nje ya mji, ambako watoto huruhusiwa kunywesha wana wa simba maziwa kwa chupa. Amekumbatia katoto ka simba kenye pengo sikioni, kanatafuna mkono wa sweta yake. Alikaita Chapati, kwa ile rangi yake. Mwaka ule walirudi huko kila walipoweza, mpaka Chapati akawa mkubwa na watoto wakakatazwa kumshika. Siku ile Roy alilia mpaka akatapika kwenye gari.

Ni kama baada ya hapo ndipo alipoacha Kiswahili. Ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, au Kizulu cha shuleni, sharp, sharp, yaani sawa, basi. Lois alimbembeleza, akamhonga, akachoka.

Picha za Gert zikaingia. Lois hakuona tofauti, kwake simba ni simba. Akampa Roy simu. Roy alizipitia taratibu, akafika moja, akaitazama mpaka kioo kikazima. Akakiwasha tena.

"Huyu," akasema, kwa Kiingereza chake.

"Mbona huyu?"

"Atakuwa rahisi."

Lois akambusu utosini. Mtoto wa tahadhari, wa mama yake kabisa.

"Na mutoto akishazoea kuua," Murielle alimuuliza Lois alipokwenda kufumua nywele, "utamufundisha nini tena?"

"Kuwa mwanaume."

"Aa. Huyo nilikuwa naye kule nyumbani. Nilimukimbia mupaka huku."

Siku ikafika. Jua lilikuwa limeshapanda, maana Lois alikataa mtoto apigwe na baridi ya alfajiri. Uzio wa waya ulizunguka pande zote, aliukagua mwenyewe. Bosi wa Moffat alikuja na kamera yake kubwa. Lois akabaki garini, dawa ya pumu mkononi, akamtazama mwanawe akipiga goti kwenye nyasi. Gert alisimama nyuma ya kijana, bunduki yake ya akiba begani.

Simba akatokea mbali, kwenye miiba, akasimama. Hakuja wala hakukimbia. Gert akanong'ona kwamba pale ni mbali mno kwa mtoto, labda warudi jioni.

Roy akashusha bunduki.

"Chapati," akaita. "Chapati, njoo. Njoo kwa kaka."

Kwa Kiswahili. Laini kabisa, kile kile Lois alichokitafuta miaka yote hiyo. Machozi yalimjaa kabla akili haijafika. Simba aliinua kichwa, na sikio moja lilikuwa na pengo. Akaja mbio, mbio za kitoto, kama mnyama aliyesahau jinsi alivyokuwa mkubwa.

Lois akausukuma mlango, akashuka na viatu vyake vya mjini, akimwambia Gert asipige, asithubutu kupiga, hawa watoto wanajuana. Simba alikuwa ameshafika. Alijitupa chini mbele ya Roy, tumbo juu, mdomo wazi, akingoja chupa.

Mlio wa bunduki ukapasua hewa. Ndege wakaruka kutoka kwenye miiba.

Lois akamgeukia Gert. Bunduki ya Gert ilikuwa bado inaning'inia begani.

"Si ulitaka asiwe wa kukimbia, Mama," Roy alisema kwa Kiswahili safi, kisha akaigeuzia kamera uso wake, akatabasamu.