Jaribio la Kabichi

Mkono wa mwalimu Thobias ulisimama juu ya kabichi ya Bi Mwajuma.

Alikuwa amepanda mlima kuja kwetu Mgeta na lori lililokuja kuchukua mboga, atufundishe kufikiri kwa ushahidi. Tangu soko huria liingie, wezi wa mboga walikuwa wamezidi, na Bi Mwajuma akaweka kago shambani: gamba la konokono lililofungwa kitambaa chekundu. Mwizi akichuma tu, tumbo linavimba.

"Hata mimi mchicha wangu kule mjini Kilakala unaibwa," mwalimu alikuwa ametuambia, "lakini sihangaiki na makonokono."

"Basi chuma tuone," tulimjibu.

Sasa akaurudisha mkono. "Nikichuma mbele ya mwenyewe, huo si wizi. Jaribio litakuwa batili."

Bi Mwajuma akafikiri. "Hapo umesema kweli, mwanangu. Haya jamani, tugeukeni aibe."

Tukampa mgongo, kijiji kizima, tukisubiri kusikia kabichi ikikatika. Tukasikia viatu vikiteremka mbio kuelekea kwenye lori.

Tulipogeuka, kabichi ilikuwa palepale. Kago ndilo halikuwepo.