Kilo za Mwisho

Kwa miezi minne Kibwana alikuwa akilipunguza uzito gari lake la mashindano. Aling'oa viti vya nyuma, zulia na redio. Vioo aliweka vya plastiki, na boneti ya chuma akaibadilisha kwa ya faiba, nyepesi kiasi kwamba aliibeba kwa mkono mmoja. Hata hivyo, kila shindano la kupanda mlima alishindwa kwa sekunde mbili.

"Tuondoe nini tena?" alimuuliza fundi wake, Zamda, huku akiupiga teke ukuta wa gereji. "Milango?"

Zamda alikuwa akifuta mikono kwa tambara. "Gari limefika mwisho, Bwana Kibwana. Likipungua zaidi halitatulia barabarani."

"Basi uzito uliobaki uko wapi?"

Zamda alilitazama tumbo la tajiri wake lililobana mkanda, kisha akainamisha macho kwa heshima.

Uso ulimwaka Kibwana. Alitaka kumfokea. Lakini alikuwa na kilo mia na kumi na nne, na tena alijua ni Zamda aliyelijaribu gari mlimani kila asubuhi, na kwamba alifika kileleni haraka kuliko yeye mwenyewe.

"Wewe una kilo ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Hamsini na moja."

Kibwana akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akamnyooshea. Zamda akaupokea, lakini vidole vya Kibwana vilikataa kuuachia, wakabaki wameushika wote wawili.