Kopo la Oili

Walikuwa wamekwisha kupita geti na kuanza kuteremka katikati ya mashamba ya chai, mkewe amemkumbatia kwa nyuma huku akimng'ata bega kila uchungu ulipokuja, ndipo Baba Cheptoo akaona taa nyekundu ya oili. Huenda ilikuwa ikiwaka tangu nyumbani.

Akaitazama mikono yake kwenye usukani wa pikipiki yake, ile kruza nene aliyoipenda kama ng'ombe wa maziwa. Ilikuwa myeusi tii. Akakumbuka. Alikuwa amemwaga oili ya zamani kwenye karai, akakaza nati, na hapo hapo mkewe akaita kutoka jikoni kwamba damu inatoka na miezi haijatimia. Oili mpya hakutia hata tone.

Akapunguza mwendo.

"Mbona unasimama?"

"Injini ni kavu, Mama Cheptoo. Kopo limebaki kwa ngazi. Turudi dakika kumi tu, ama itakwama njiani."

"Kwani ni injini inazaa ama ni mimi?"

Hospitali ilikuwa kilomita tisa. Kitu chenye joto kutoka kwa mkewe kikamlowesha kiuno, kikashuka mpaka kwenye kiti.

Akazungusha mkono wa mafuta, wakaendelea mbele.

Injini ilikwama kilomita ya saba, karibu na banda la kupimia majani chai. Wachumaji walimlaza mama juu ya magunia yao. Alipona. Mtoto, mvulana, alizikwa nyuma ya nyumba. Pikipiki iliuzwa kama chuma chakavu. Kopo bado liko kwa ngazi, halijafunguliwa.