Kelele ya Siku Sita

Byron alilaza antena saa nne asubuhi. Kufikia saa nane mchana, kelele iliyokuwa ikivuruga mawimbi nayo ilikuwa imelala.

"Inanifuata, mzee," alisema huku akishuka mlingotini, shati limemganda mgongoni. "Nikisimamisha, inasimama. Nikilaza, inalala. Hiyo si hali ya hewa. Hiyo ni mtu."

Orina alikuwa akimngoja chini. Kwa miaka kumi na mmoja sauti yake ndiyo iliyotoka Migori kwenda Homa Bay kwa redio ya kampuni ya samaki: kilo ngapi za mbuta zimepakiwa, barafu kiasi gani imebaki, lori gani limekwama matopeni. Sasa, baada ya mvua za El Nino kuangusha nguzo za simu, wakubwa walikuwa wamemleta Byron kutoka Nairobi aweke antena za kuunganisha kompyuta za ofisi hizo mbili. Kompyuta zikianza kusemezana, Orina angerudisha maikrofoni na kwenda nyumbani. Kelele ikiendelea mpaka Jumatatu, Byron angeng'oa vyombo vyake na kuondoka navyo.

Na wakubwa, bila haya hata kidogo, walimteua Orina amsaidie fundi.

Alisaidia kwa moyo wote. Alikuwa shemasi wa Kanisa la Sabato, mtu aliyewahi kutembea kilomita tatu kurudisha kalamu ya mwenye duka. Byron alimfundisha kwamba antena ile ina mbavu kama mgongo wa samaki: ukizisimamisha inasikia mawimbi yaliyosimama, ukizilaza inasikia yaliyolala, na yale mengine yanapita bila kuisumbua. Jirani akisimama, wewe lala, mtaishi kwa amani. Orina naye alimweleza hivyo hivyo mkewe Nyasuguta kila alipovuka barabara kwenda nyumbani kula, akichora kwa kidole juu ya meza.

"Kwa hiyo leo mmeilaza," Nyasuguta alikuwa amesema mchana ule, akimwongezea mboga. "Kula, Baba Mokeira. Unakonda kwa kazi ya kujichimbia kaburi."

Jioni hakutulia. Alitaka kutazama habari apoteze mawazo, lakini betri ya televisheni ilikuwa imeisha tena, mara ya pili wiki hiyo. Akazunguka uani mpaka mkewe akamwita kulala.

Ijumaa, jua lilipozama, kelele ilikatika ghafla. Byron alifungua daftari lake.

"Kama Ijumaa iliyopita," alisema. "Na Jumamosi jua lilipozama, ikarudi. Huyu mtu anapumzika siku yenu, mzee."

Masikio ya Orina yalimwaka moto. "Unanisema mimi?"

"Wewe tumekaa pamoja hapa kelele ikilia. Si wewe. Lakini ni mtu wa kanisa lako." Byron alishusha sauti. "Jumapili saa mbili asubuhi naisimamisha. Homa Bay nimewapelekea barua kwa dereva wa lori wasimamishe ya kwao saa hiyo hiyo, hewani sisemi kitu. Huyo mpiga kelele atabaki amelala, na Jumatatu wakubwa watakuta kompyuta zinaongea. Usimwambie mtu."

"Nimekupa neno langu," alisema Orina, na alilimaanisha.

Siku ya pili kanisani hakuweza kuomba. Alizikagua shingo za waumini safu kwa safu, akaona aibu, akazikagua tena. Macho yake yalitua kwa Mochama, mnunuzi wa dhahabu, ambaye kila mtu alijua ana redio ya kuongea na wachimbaji wake wa Macalder. Alasiri alimfuata mpaka kwake na kumuuliza bila kuzunguka.

Mochama alicheka mpaka akakohoa. "Ndugu Orina, redio niliuza Desemba! Ona, hata msumari wake umebaki mtupu ukutani." Kisha akamtazama kwa huruma. "Na huyo anayepiga kelele amekukosea nini wewe? Mimi ningempelekea kuku."

Orina aliondoka kwa hasira. Kilichomuudhi ni kwamba wazo hilo hilo lilikuwa likimjia wiki nzima, na kila lilipomjia alilifukuza na likarudi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Hakujua kazi nyingine, na aliogopa, aliogopa sana, ile asubuhi ya kwanza ya kuamka bila mahali pa kwenda.

Alifika nyumbani jua likizama. Nyasuguta alikuwa ndani peke yake akifunga Sabato kwa wimbo, kisha kwa sala. Orina alingoja mlangoni asimkatize. Alisikia "Amina", halafu kigoda kikiburutwa chumbani.

Akaingia, akasukuma pazia.

Mkewe alikuwa amesimama juu ya kigoda, kando ya dirisha linalotazama mlingoti. Kitandani palikuwa na redio ya zamani ya kampuni, ile waliyomwachia kama chuma chakavu, imeungwa kwenye betri ya televisheni. Kitufe cha kusemea kilikuwa kimebonyezwa na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Fimbo ya antena ilikuwa imelazwa dirishani, imenyooka sawasawa.

Nyasuguta hakushuka. "Sabato imekwisha," alisema. "Sema unalotaka kusema."

Orina alilirudisha pazia nyuma yake. Kisha akasogea, akainama, akashika miguu ya kigoda kisiyumbe.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema, "isimamishe."