Usinigeuzie Kisogo

"Umenigeuzia kisogo tena!"

Dada mkubwa alikata wimbo katikati ya ubeti, akamtolea mdogo wake macho. Ng'ambo ya kioo, fundi wa sauti alisimamisha mtambo, akashusha pumzi. Tangu asubuhi wimbo unakatika palepale.

"Samahani, dada. Nilikuwa nafuta jasho."

"Jasho utalifuta tukimaliza. Nitazame!"

Ilikuwa albamu yao ya kwanza: gitaa moja la mdogo, sauti mbili, na nyimbo nzito za misiba na nyumba zilizohamwa. Sauti zao zikishikana, fundi alisisimka mpaka kwenye nywele. Lakini tabia ya mkubwa! Hakumwondolea mwenzake macho mdomoni, kama mlinzi anayemvizia mwizi. Tena kiganja alikibandika kwenye ubao wa gitaa, akilizima mlio.

"Dada mkubwa, toa mkono kwenye gitaa," fundi alisema kupitia spika ya chumbani.

Kimya. Akarudia. Kimya tena.

Mdogo akamgusa dada yake bega, akamgeukia. "Anasema utoe mkono."

"Mwambie hautoki."

Fundi aliuma meno. Kazi zilikuwa zimempanga foleni, na huyu anajifanya malkia, hata kumjibu mtu anaona tabu. Na yule mdogo, maskini, kila akikaripiwa ni samahani, samahani. Kama si udugu, angeshamwacha solemba.

Wakaanza upya. Ukakatika. Wakaanza tena. Fundi alikaribia kuzima mitambo awaambie wakatafute studio nyingine, ndipo wimbo ukapita. Ulipita wote, sauti mbili zikishuka pamoja kama watu wanaoshuka ngazi gizani wameshikana mikono.

Fundi alizima mtambo, akaingia kukusanya vifaa. Mkubwa alikuwa ameinama akifunga viatu. Leo atapewa vidonge vyake, fundi aliapa moyoni.

Akaokota vipokea sauti vya masikioni ambavyo mkubwa alivivaa kutwa nzima. Waya ulimfuata wote mkononi, mpaka ncha. Haukuwa umechomekwa popote.

Fundi akamtazama mdogo. Alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, karibu kabisa, wala hakushusha sauti.

"Kaka, nakuomba usimwambie mtu. Hizi nyimbo alizitunga akiwa bado anasikia."