Sauti Chini ya Sindano

Virak aliitambua santuri ile kabla bibi aliyeingia dukani kwake hajaifungua yote kutoka kwenye kitambaa. Alikuwa na nyingine kama hiyo kabatini, na wakusanyaji wote wa Phnom Penh walimnyenyekea wakiamini imebaki hiyo moja tu duniani.

"Anayeimba ni dada yangu," alisema bibi. "Niliifukia siku askari walipotufukuza mjini. Mwenyewe hakurudi. Nimsikie tu, mjukuu wangu, nijiendee zangu."

Virak alizima spika kwa siri, kisha akashusha sindano. Santuri ikazunguka kimya.

"Unaona, bibi? Imekufa hii. Niachie nikutupie."

Bibi aliinama, akaziba sikio moja, akalitega la pili karibu na sindano. Pale ilipokwaruza, sauti ya mwanamke ilikuwa ikiimba, nyembamba kama ya mbu.

"Ndiye," alisema, akicheka kwa ufizi mtupu. "Mvivu yule, kachelewa kuanza ubeti kama kawaida yake."

Virak aliukandamiza mkono wa sindano kwa kidole gumba, akauburuta polepole hadi katikati.

"Mbona kanyamaza?" aliuliza bibi, sikio lake likiwa bado palepale.