Miguu Yote Miwili

"Tisini kwa mia," alisema mkufunzi wa wauguzi, amesimama kando ya kitanda changu. "Mpango bora wa kumhudumia mgonjwa katika darasa zima."

"Nisomee, mwanangu," nikamwambia mwanafunzi wake. Wiki nzima alikuwa akipita hapa na simu mkononi, hajaniuliza hata nimelalaje.

Akasoma. "Mgonjwa atembezwe asubuhi na jioni, akikanyaga kwa miguu yote miwili."

Nikafunua shuka. Mguu wangu wa kulia unaishia gotini, na bandeji ya tangu juzi ilikuwa imegandia kwenye kidonda.

Mwanafunzi akautazama mguu. "Akili mnemba ya kwenye simu ilinisaidia lugha tu, babu."

"Lugha? Na mguu je, imeniotesha?"

Mkufunzi akamnyang'anya karatasi. "Umefeli. Toka."

"Na wewe, hiyo tisini uliitoa baada ya kusoma?" nikamuuliza mkufunzi.

Akainama. "Wanafunzi wako mia na ishirini, mzee. Kusahihisha nimeiachia akili mnemba hiyo hiyo."

"Basi iiteni ije inifunge kidonda."

Mwanafunzi akarudi kutoka mlangoni, akavaa glavu, akapiga magoti.

"Babu, panauma wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.